Mfarishi wa Viraka Kwenye Kompyuta: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mfarishi wa viraka ni tandiko la tabaka tatu: juu kuna viraka vilivyoungwa kwa ruwaza, katikati kuna pamba, chini kuna bitana, na zote tatu hushikanishwa kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini. Ruwaza nyingi tunazoziita za jadi zilikomaa Marekani katika karne ya 19, na leo washonaji wengi huzichora kwanza kwenye kompyuta kabla ya kugusa mkasi. Mimi hushona kwa mabaki ya vitenge, na nimechora hivyo kwa miaka kadhaa. Nimegundua kwamba dhana potofu juu ya kazi hii ziko za aina mbili: wapo wanaoiogopa programu, na wapo wanaoiamini kupita kiasi. Hawa wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa wa kwanza hupoteza urahisi tu, ilhali wa pili hupoteza kitambaa.

“Uliochorwa kwenye kompyuta hauwezi kuitwa wa jadi”

Anayesema hivi hudhani kwamba mshonaji wa zamani alitoa kila ruwaza kichwani mwake, kisha akaikata moja kwa moja. Mambo hayakuwa hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Ladies Art ya mjini St. Louis ilikuwa tayari ikiuza ruwaza kwa posta, na gazeti la Kansas City Star lilichapisha ruwaza za viraka kuanzia mwaka 1928 hadi 1961, ambazo wasomaji walizikata na kuzitunza. Walikuwapo pia waliochora wenyewe kwa penseli na rula kwenye karatasi ya miraba, na huo ndio uchoraji uleule ambao skrini inaufanya leo.

Barbara Brackman, mwanahistoria wa mifarishi, alikusanya ruwaza zaidi ya 4,000 zilizokwisha kuchapishwa, akazipanga kwa maumbo na kuipa kila moja namba. Mkusanyo huo uliingizwa baadaye katika programu ya BlockBase, inayotolewa na kampuni ya Electric Quilt ya Bowling Green, Ohio. Kwa hiyo anayeifungua anakutana na jadi yenyewe, pamoja na majina yake yanayogongana, maana si ajabu ruwaza moja kuwa na majina matatu au manne. Kinachoitambulisha ruwaza ni namna mraba wake, yaani bloku, unavyogawanywa: tatu kwa tatu, nne kwa nne, tano kwa tano, saba kwa saba. Mgawanyo huo haubadiliki kwa sababu ya chombo kilichouchora.

“Programu ndiyo inayobuni, mtu anabonyeza tu”

Chukua ruwaza ambayo Wamarekani huiita Log Cabin, nyumba ya magogo. Katikati pana mraba mdogo, mara nyingi mwekundu, unaozungukwa na vipande vyembamba virefu. Nusu ya bloku ni rangi zilizokolea na nusu nyingine ni rangi hafifu. Bloku hii hugeuzwa pande nne. Mwenye bloku 64 alilazimika kuzitandaza sakafuni, nane kwa nane, akapiga magoti na kuzigeuza moja moja. Kwenye skrini kazi hiyo ni ya dakika chache: ukizigeuza hivi unapata matuta ya shamba yanayokwenda mshazari, ukizigeuza vile unapata almasi moja kubwa inayopanuka toka katikati. Programu inaonyesha yote mawili bila kujua lipi linafaa kitanda kipi au kitambaa kipi, na hilo mshonaji huamua kwa jicho lake.

“Hesabu ikiwa sahihi kwenye skrini, kitambaa nacho kitakaa sawa”

Hii ndiyo dhana inayoharibu vitambaa vingi, nami nitakaa hapa kidogo.

Skrini huonyesha kipimo cha mwisho, yaani ukubwa wa kipande baada ya kushonwa. Mkasi unahitaji kipimo cha kukatia. Kati ya viwili hivyo ipo nafasi ya mshono, ambayo katika kazi ya viraka ni robo inchi kila upande. Bloku ya Viraka Tisa yenye inchi 12 ina miraba ya inchi 4 machoni, lakini kila mraba hukatwa inchi 4½. Kwa pembetatu nyongeza ni kubwa zaidi: ukitaka pembetatu mbili zitakazounda mraba wa inchi 2, unakata mraba wa inchi 2⅞ na kuupasua kati kwa mshazari, kwa sababu kona kali ya pembetatu hula kitambaa kingi kuliko kona ya mraba. Programu nzuri hujumlisha nyongeza hizi inapochapa violezo au jedwali la kukatia. Anayepima kwa macho kwenye skrini, au anayechora kwa programu ya kawaida ya michoro, lazima azijumlishe mwenyewe.

Kisha kuna suala la kugawanyika. Wayo wa Dubu ni bloku ya saba kwa saba: nyayo nne, kila moja ikiwa na miraba mitatu kwa mitatu, na mstari wa mraba mmoja unaozitenga. Ukiiagiza programu ichore bloku hiyo kwa inchi 12, itachora bila kulalamika. Lakini 12 ukigawanya kwa 7 unapata 1.714, kipimo ambacho futi ya fundi haina. Programu inayokadiria hadi thumuni, yaani moja ya nane ya inchi, itakuandikia inchi 1¾, na saba za namna hiyo ni inchi 12¼. Bloku yako itakuwa kubwa kuliko jirani zake kwa robo inchi, nawe utabaki kuilaumu mikono yako. Dawa ni kubadili ukubwa wa bloku: inchi 10½ hutoa miraba ya inchi 1½, na inchi 14 hutoa miraba ya inchi 2 kamili.

Hata vipimo vikinyooka, bado kuna cherehani. Mshono uliozidi robo inchi kwa sehemu moja ya kumi na sita tu hula thumuni nzima kila unapounga vipande viwili. Mstari wa vipande vinane una mishono saba, kwa hiyo umeshapungukiwa na inchi ⅞. Kipimo cha kujikagua ni rahisi: kata vipande vitatu virefu vyenye upana wa inchi 1½, viunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha pima cha katikati. Kisipokuwa inchi 1 kamili, rekebisha mshono kabla ya kukata kingine chochote.

Printa nayo ina yake. Niliwahi kuchapa violezo bila kuangalia kwamba mpangilio wa uchapaji ulikuwa umeachwa upunguze mchoro ili uenee kwenye karatasi, na mraba wa inchi 4½ ukatoka pungufu kwa zaidi ya thumuni ya inchi. Niligundua baada ya kukata vitenge viwili. Tangu siku hiyo kila ukurasa wangu una mraba wa inchi 1 pembeni, na huupima kwa futi kabla ya jambo lolote.

“Rangi ya skrini ndiyo rangi ya kitambaa”

Skrini hutoa mwanga na kitambaa huurudisha, hivyo rangi moja huonekana tofauti kwenye vitu hivyo viwili, na kitambaa chenyewe hubadilika kati ya jua la saa sita na taa ya chumbani. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba ruwaza ya viraka husomeka zaidi kwa tofauti ya kukolea na kufifia kuliko kwa jina la rangi. Nyekundu na kijani zilizokolea sawasawa hupiga kelele kwa karibu, lakini ukisimama upande wa pili wa chumba nyota uliyoishona inazama isionekane. Hapa kompyuta ina msaada mkubwa ambao washonaji wengi hawautumii: geuza mchoro wote uwe mweusi na mweupe. Palipokuwa na nyota pakibaki wingu la kijivu, badilisha kitambaa kimoja sasa hivi, kabla hujakinunua.

Picha za vitambaa ndizo zinazodanganya kuliko rangi tupu. Ukipiga picha kitenge na kukiingiza kwenye programu bila kuiambia kipimo chake, programu itakibana kienee ndani ya kiraka, nawe utaona ua zima, zuri, ndani ya mraba wa inchi 2. Kwenye kitambaa halisi ua lile lina upana wa inchi 8. Kiraka chako kitapata kipande cha jani, au doa la rangi moja tu. Unapoingiza picha, pima kwa futi eneo ulilolipiga, kisha ipe kipimo hicho: eneo la inchi 10 lililopigwa kwa pikseli 1,000 lina pikseli 100 kwa kila inchi. Kwa kanga uangalifu unahitajika zaidi, kwa sababu pindo, mji na jina vina mahali pake, na jina lililokatwa katikati ya neno huonekana mara moja na kila anayejua kusoma. Mimi huona ni bora kulitenga jina lote liwe ukingo wa mfarishi, au kutoligusa kabisa.

“Programu ikisema yadi moja na nusu, nunua yadi moja na nusu”

Fuata hesabu yenyewe. Unahitaji miraba 100 ya inchi 4½, na programu imewekewa upana wa kitambaa wa inchi 42. Katika upana huo inaingia miraba tisa; kwa hiyo unahitaji mistari 12, na 12 mara 4½ ni inchi 54, yaani yadi moja na nusu kamili. Hakuna hata unyuzi wa ziada. Sasa kitambaa kifuliwe, kipungue, ukate kingo zake, ubaki na upana wa inchi 40: inaingia miraba minane, mistari inakuwa 13, na urefu unafika inchi 58½. Umepungukiwa na inchi 4½, na duka huenda limekwisha kuuza kitenge kile. Pima upana wa kitambaa ulichonacho baada ya kukifua, uuingize kwenye programu badala ya ule uliowekwa na kiwanda, kisha ongeza robo yadi. Anayeshona kwa mabaki aiache kabisa hesabu hiyo, kwa kuwa hakuna programu inayojua kilichomo kwenye mfuko wako wa vipande.

“Lazima ununue programu ya gharama”

Si lazima. Programu maalumu huokoa muda, hasa kwa jedwali la kukatia. Lakini Inkscape hutolewa bure, hufanya kazi bila intaneti, na hunakili bloku moja mara mia kwa namna ambayo ukibadili ya kwanza zote hubadilika. Kwa mifarishi ya miraba mitupu, hata programu ya majedwali inatosha: sawazisha seli ziwe miraba, kisha zijaze rangi.

“Mfarishi wa jadi ni lazima uwe na mistari iliyonyooka”

Programu huchangia dhana hii, kwa sababu kila inachochora kimenyooka. Lakini wanawake Weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Marekani kwenye kona ya Mto Alabama, walirithishana kwa vizazi ushonaji ambao mistari yake huinama na mapana yake hubadilika kufuatana na kitambaa kilichopo, mara nyingi nguo za kazi zilizochakaa. Mifarishi yao ilionyeshwa mwaka 2002 mjini Houston na kisha kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York. Unaweza kuichora mistari iliyoinama kwenye kompyuta, hilo si gumu. Maoni yangu ni kwamba kwa kazi ya namna hii kompyuta si mahali pa kuanzia, kwa kuwa uamuzi wote hufanywa kipande kikiwa mkononi.

“Mchoro ukikamilika, mfarishi umekamilika”

Nyota ya pembe nane huonekana nyepesi sana kwenye skrini: almasi nane, miraba minne ya kona na pembetatu nne za ubavuni. Mchoro hausemi kwamba miraba na pembetatu hizo hushonwa kwa kuingizwa ndani ya pembe, mshono ukisimamishwa robo inchi kabla ya ukingo na kitambaa kikizungushwa. Hausemi pia kwamba kila almasi ina pande mbili zinazofuata nyuzi na pande mbili zilizokatwa mshazari, na kwamba pande za mshazari hutanuka zinapovutwa. Ukiburuta pasi juu yake badala ya kuibandika na kuiinua, nyota kubwa ya inchi 60 itainuka katikati kama bakuli, hata kama kila namba ilikuwa sahihi. Shona bloku moja ya majaribio ya kila aina kabla ya kukata zilizobaki.

Tabaka la katikati ndilo lisiloonekana kabisa kwenye skrini. Pamba halisi inaweza kupungua hadi asilimia 5 katika kufuliwa mara ya kwanza, hivyo mfarishi wa inchi 60 huenda ukarudi ukiwa na inchi 57, na kitambaa cha juu, ambacho kimeshikwa na mishono, hujikunja kidogo kidogo kati ya mshono na mshono. Mikunjo hiyo ndiyo unayoiona kwenye mifarishi ya zamani iliyotumika miaka mingi. Ukiitaka, shona bila kuifua pamba na uanze na mchoro wa inchi 63.