"Mwenyewe Hayupo": Maana ya Kukasimu Madaraka

Ingia duka la vifaa vya ujenzi saa nne asubuhi, uliza bei ya mwisho ya saruji mifuko 40, na huenda ukapata jibu ambalo wanunuzi wengi tunalijua: "Mwenyewe hayupo." Kijana wa duka yupo. Mzigo upo. Bei ya kawaida anaijua kwa kichwa. Asichokuwa nacho ni ruhusa ya kupunguza hata shilingi mia. Anapiga simu, haipokelewi, na fundi aliyekuja na kirikuu chake anageuza kwenda duka la tatu mbele. Jioni mwenye duka ataambiwa kwamba leo biashara ilikuwa nzito.

Kilichokosekana pale kina jina: kukasimu madaraka.

Neno kukasimu tumelitoa kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kugawa. Maofisini limezoeleka, utalisikia kwenye barua na hotuba za serikali. Kwenye biashara halisemwi sana. Watu husema "nimewaachia vijana kazi", na naamini matatizo mengi huanzia kwenye usemi huo, kwa sababu kuachia kazi na kukasimu madaraka ni mambo mawili. Kukasimu ni kumpa mtu aliye chini yako haki ya kuamua jambo ambalo kwa kawaida ungeliamua wewe, ndani ya mipaka uliyoiweka, huku wewe ukibaki mwenye kujibu likiharibika.

Mtoto anayepewa noti ya elfu tano na kuambiwa "lete sukari kilo moja" hajakasimiwa kitu. Ametumwa. Akikuta sukari imeisha atarudi mikono mitupu, na hana kosa. Mwenzake anayeambiwa "tafuta vitafunwa vya chai, usivuke elfu tano" ana la kuamua: maandazi au chapati, mama huyu au yule wa kona ya pili. Maandazi yakikosekana atarudi na kitu kingine. Wafanyakazi wengi tunaowalaumu kwamba "hawajiongezi" ni watu waliotumwa, kisha wakahukumiwa kana kwamba walikasimiwa.

Kuna maneno mawili jirani yanayochanganywa na hili. Kukaimu ni kusimama kwenye nafasi ya mtu asiyekuwepo. Kaimu mkurugenzi anakalia kiti chenyewe kwa muda, na anayekaliwa kiti akirudi, ukaimu umekwisha. Ugatuzi nao ni jambo zito zaidi. Kenya ilipopitisha katiba ya mwaka 2010 na kuunda kaunti 47, magavana hawakukasimiwa madaraka na rais. Walipewa na katiba, na rais hawezi kuamka asubuhi akayachukua. Madaraka yaliyokasimiwa yanaweza kurudishwa wakati wowote na aliyeyatoa. Na kuna kanuni ya siku nyingi katika sheria kwamba aliyekasimiwa hawezi kumkasimu mwingine bila ruhusa. Hata dukani ina maana: uliyempa ufunguo wa droo hana haki ya kumpa shemeji yake ufunguo huo anapokwenda kula.

Wanaopinga wazo hili hupenda kutukumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli, lakini hebu tutazame chombo chenyewe. Kabla rubani hajawa mtu wa ndege, alikuwa mtu wa majini, yule anayejua miamba na mikondo ya mahali na kukiongoza chombo kinapoingia bandarini. Jahazi likikaribia mlango mwembamba, nahodha humsikiliza rubani: kata kushoto, shusha tanga. Hakuna manahodha wawili pale. Kuna nahodha mmoja aliyetoa sehemu ya uamuzi wake kwa mwenye ujuzi nayo, kwa muda na mahali panapojulikana, na chombo kikipanda mwamba, mwenye mali atamwita nahodha kwanza.

Kwa hiyo moyo wa jambo ni mipaka, na mipaka lazima itamkwe. "Tumia busara zako" si mpaka. Maneno hayo yanasikika kama heshima, lakini kijana anayeyasikia anajua kwamba busara itapimwa baadaye, na wewe, kwa kipimo ambacho hajaonyeshwa. Linganisha na kauli hii: "Mteja wa mifuko 30 kwenda juu, mpunguzie mpaka shilingi 300 kwa mfuko bila kuniuliza. Zaidi ya hapo nipigie. Mkopo, hapana, kwa mtu yeyote, hata akisema ni ndugu yangu." Yule fundi wa mifuko 40 angepata punguzo la shilingi 12,000 na kuondoka na mzigo. Mwenye duka angejua kabla hajasafiri kwamba kwa mteja wa aina hiyo hawezi kupoteza zaidi ya hapo.

Hoteli za Ritz-Carlton zimekuwa maarufu kwa kanuni ya namna hii: mfanyakazi, hata msafisha vyumba, anaruhusiwa kutumia mpaka dola 2,000 kwa mgeni mmoja ili kumaliza shida yake, bila kumtafuta meneja. Wengi wakiisikia wanashangazwa na ukubwa wa pesa. Mimi huvutiwa zaidi na kwamba ni namba. Ingekuwa "kiasi kinachofaa", sidhani kama msafisha vyumba angethubutu kugusa hata dola kumi. Katika Biblia, Yethro naye, alipomkuta mkwewe Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi mpaka jioni, alimshauri ateue wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na akamwekea mstari: madogo wayaamue wao, makubwa yaletwe kwake.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaowatisha wenye biashara, na hofu yao ina msingi.

Barings ilikuwa benki ya London iliyoanzishwa mwaka 1762. Mwaka 1992 ilimpeleka Singapore kijana mmoja, Nick Leeson, kusimamia biashara yake katika soko la huko. Leeson alikasimiwa mengi. Yeye ndiye aliyeongoza kununua na kuuza, na yeye huyohuyo alisimamia ofisi ya nyuma, ile inayoandika miamala na kuhakiki hesabu. Hasara zilipoanza alizificha kwenye akaunti namba 88888, huku taarifa za kwenda London zikionyesha faida nono. Wakubwa wakafurahi, wakaendelea kutuma fedha. Januari 1995 tetemeko la ardhi likapiga Kobe, soko la hisa la Japani likashuka, na dau alizoweka juu ya soko hilo zikaharibika kabisa. Mwisho wa Februari hasara ilifikia pauni milioni 827, zaidi ya uwezo wa benki nzima. Benki iliyoishi zaidi ya miaka 230 ikanunuliwa na ING ya Uholanzi kwa pauni 1.

Kisa hiki hutajwa kama ushahidi kwamba binadamu haaminiki. Nakisoma tofauti. Barings haikuanguka kwa kuwa ilimpa kijana uamuzi. Ilianguka kwa kuwa pamoja na uamuzi ilimpa na macho. Kila walichokijua London kuhusu Singapore kilipita mikononi mwake. Hapo kukasimu kuligeuka kutelekeza.

Punguza kisa hicho kifike kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu au kwenye duka lako. Anayepokea fedha ndiye anayeandika daftari. Huyohuyo ndiye anayehesabu mzigo stoo mwisho wa mwezi na kukuletea jumla. Unamwamini, na pengine anastahili kuaminiwa, lakini umemweka mahali ambapo siku mtoto wake akiugua usiku hakuna kitu kati yake na droo isipokuwa dhamiri. Si haki kumfanyia mtu hivyo. Mpe uamuzi wa bei na wa kuagiza mzigo ukipungua. Kuhesabu stoo afanye mwingine, au kahesabu mwenyewe siku usiyoitangaza, na mwambie tangu siku ya kwanza kwamba utafanya hivyo, ili asije akaona ni tuhuma.

Namna ya kusema inabeba uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tumelelewa kwamba mdogo hajibizani na mkubwa, hivyo ukimuuliza kijana "umeelewa?" atasema "ndiyo, bosi" hata kama hajaelewa kitu. Afadhali umwombe akueleze kwa maneno yake: akija mteja wa mifuko 25 anataka punguzo, utamjibuje? Utagundua palepale kama mpaka wako umeeleweka. Kisha kuna kosa la kwanza, ambalo litakuja tu. Kama alipunguza shilingi 250 kwa mteja ambaye ungemuuzia bei kamili, na ukamfokea mbele ya wapakizi, umeyachukua madaraka yote bila kujua. Kesho atakupigia simu kuuliza hata bei ya misumari. Alikuwa ndani ya mpaka. Ukiona mpaka haufai, ubadilishe kwa ajili ya kesho, na ya jana yabaki yake.

Wateja nao wajue. Wale wa siku zote wana namba yako, na wakikataliwa dukani watakupigia: "Mama, huyu kijana wako ananibania, nifanyie mia nne." Kumfanyia ni rahisi, tena utaonekana mwema. Lakini kijana amesimama pale na kikokotoo mkononi, anasubiri kuona kama neno lake lina thamani. "Baba, bei za dukani anapanga yeye," umwambie. "Hebu mpe simu nimsalimie tu."