John Hayes, Mtu Mrefu Aliyebeba Skramu ya Ireland

Katika miaka yote ambayo nimewafundisha mafowadi wa raga, vijana warefu wanaopangwa mstari wa mbele wa skramu, yaani pale mafowadi wanane wa kila timu wanapofungamana na kusukumana kuugombania mpira, wameniuliza swali lilelile: je, yupo mtu wa kimo chao aliyewahi kudumu pale katika kiwango cha juu? Mimi huwatajia John Hayes. Alivaa jezi nambari 3 ya Ireland na ya Munster, timu ya jimbo la kusini mwa Ireland, akiwa na kimo cha mita 1.93 na uzani wa zaidi ya kilo 120, na tarehe 27 Februari 2010, uwanjani Twickenham, akawa mchezaji wa kwanza kuichezea Ireland mechi 100. Brian O'Driscoll, ambaye wengi wanamfahamu zaidi, alifika idadi hiyo wiki mbili baadaye.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka mtu aijue kazi yenyewe. Mstari wa mbele una watu watatu: mapropu wawili pembeni, nambari 1 na nambari 3, na huka katikati yao. Propu wa nambari 1 ana bega moja tu lililobanwa na wapinzani, na upande wake wa kushoto uko wazi. Nambari 3 hana nafuu hiyo. Kichwa chake huingia katikati ya propu na huka wa timu pinzani, mabega yake yote mawili hupokea msukumo wao, na wakati huohuo wenzake humsukuma kutoka nyuma. Akisimama imara, skramu nzima husimama. Akiinuliwa, wote wanane hurudi nyuma. Mpinzani wake hutafuta jambo moja, yaani kupenya chini ya kifua chake na kumnyanyua, na mtu mrefu ndiye aliye rahisi kupenyewa, kwa kuwa hulazimika kukunja magoti na nyonga kuliko wengine na kuulaza mgongo mrefu uwe sambamba na ardhi. Mazoezini mimi huchukua mpini wa ufagio na kumlaza nao kijana mgongoni, kuanzia kisogoni hadi kiunoni, kabla hajaigusa mashine ya skramu. Kwa wafupi mpini hutulia mara moja. Kwa warefu huanza kutikisika baada ya sekunde chache, mapaja yakianza kutetemeka, kisha huanguka, nasi huanza upya.

Hayes hakukulia katika kazi hiyo. Alizaliwa mwaka 1973, akalelewa kwenye shamba la familia huko Cappamore katika kaunti ya Limerick, na alikuwa na umri wa miaka 18 hivi alipoanza kucheza raga katika klabu ya Bruff, umri ambao mapropu wengi wa kulipwa tayari wameshasukuma skramu kwa miaka kadhaa. Alikwenda kucheza Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, na mwanzoni alikuwa mchezaji wa safu ya pili kabla ya kuhamishiwa mstari wa mbele. Kwa maneno mengine, alijifunza akiwa mtu mzima kazi iliyo ngumu hata kwa walioanza nayo utotoni.

Mechi yake ya kwanza ya taifa ilikuwa tarehe 19 Februari 2000 dhidi ya Scotland, siku ambayo Ireland iliingiza wachezaji wapya watano, wakiwemo Ronan O'Gara na Peter Stringer, na ikashinda 44-22. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa msimu wa 2010 hakukosa mechi hata moja ya Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya timu sita za taifa za Ulaya: mechi 54 mfululizo. Hiyo ndiyo takwimu ninayoiheshimu kuliko zote katika maisha yake ya uchezaji, kuliko hata ile 100. Ikumbukwe kwamba enzi hizo benchi lilikuwa na wachezaji saba, na kwa kawaida propu mmoja tu wa akiba aliyetarajiwa kuziba pande zote mbili, kwa hiyo nambari 3 mara nyingi alicheza dakika zote 80. Siku hizi hupumzishwa kipindi cha pili, na hakuna anayeshangaa.

Walikuwepo waliomwona kuwa sehemu dhaifu ya skramu ya Ireland, na ni kweli kwamba alikuwa na siku ngumu. Naamini hesabu yao ilikuwa nusu. Mpira unapotoka nje na kurushwa tena ndani, wachezaji wawili humnyanyua mrukaji hewani, mmoja akimshika mapajani juu ya magoti na mwingine akimsukuma juu kutoka nyuma, na kikomo cha mrukaji ni mahali mikono ya wanaomnyanyua inapokwisha. Sasa mfikirie Paul O'Connell, mrukaji wa Munster na Ireland mwenye mita 1.98, akiinuliwa na propu wa mita 1.93 aliyenyoosha mikono yote. Kimo kilichomtesa Hayes katika skramu ndicho kilichowapa Munster na Ireland mpira safi hapa.

Kwa Munster, skramu mbili zinatosha kueleza safari yake. Katika fainali ya Kombe la Heineken, mashindano ya klabu za Ulaya, ya mwaka 2002, huko Cardiff, timu yake ikiwa nyuma 15-9, ilipata skramu ya mwisho karibu kabisa na mstari wa Leicester. Neil Back wa Leicester akaupiga mpira kwa mkono ukamtoka Stringer, refa hakuona, na mechi ikaishia hapo. Ilikuwa fainali ya pili kupotea baada ya ile ya mwaka 2000 waliyofungwa na Northampton 9-8. Mwaka 2006, katika uwanja uleule, Stringer aliuchukua mpira nyuma ya skramu, akakimbia upande mwembamba wa uwanja ambao Biarritz hawakuulinda, akafunga mguso (try), na Munster wakatwaa kombe kwa 23-19. Katika skramu zote mbili jezi nambari 3 ilikuwa ya Hayes. Mchezaji wa nafasi ya Stringer, anayeuchukua mpira nyuma ya skramu, hawezi kukimbia vile ikiwa skramu mbele yake inarudi nyuma. Kombe la pili lilifuata mwaka 2008, na mwaka 2009 Ireland ikashinda mechi zake zote za Mataifa Sita, jambo ambalo haikuwa imelifanya katika mashindano hayo tangu 1948, yalipokuwa bado ya mataifa matano.

Wanaomkumbuka hata bila kuijua skramu humkumbuka kwa tarehe 24 Februari 2007. Ireland iliikaribisha Uingereza Croke Park, uwanja ambao mwaka 1920 majeshi ya Uingereza yaliwafyatulia risasi watu waliokuwa katika mechi. Nyimbo za taifa zilipopigwa, kamera ilipita kwenye mstari wa wachezaji na kumkuta Hayes, mkubwa kuliko karibu wote, machozi yakimtiririka mashavuni bila yeye kuyafuta. Kisha akaingia kwenye skramu ya kwanza, na Ireland ikashinda 43-13.

Aliiaga Munster tarehe 26 Desemba 2011, uwanjani Thomond Park, katika mechi dhidi ya Connacht, akiwa ameichezea Ireland mara 105. Baada ya hapo alirudi shambani Cappamore, kwa ng'ombe wake.