Hindi Lisilo Tamu Lina Wanga Vilevile

"Mimi nachemsha mahindi bila sukari, tena nachagua yale ya kienyeji yasiyo na utamu, kwa hiyo hayanipandishii sukari mwilini." Kila msimu wa mahindi mabichi kauli hii hurudi kliniki ya kisukari, na husemwa kwa kujiamini mno.

Ulimi haupimi wanga. Gramu 100 za punje za mahindi matamu zina takriban gramu 19 za wanga kwa jumla, na kati ya hizo sukari unayoionja ni kama gramu 6 tu. Ukitoa nyuzinyuzi gramu 2 hadi 3, zilizobaki ni wanga usio na ladha, ambao utumboni huvunjwavunjwa na kuwa glukosi ileile. Ndiyo, hukuweka sukari kwenye sufuria. Haikuhitajika.

Tena kukosa utamu mara nyingi ni dalili kwamba wanga umezidi. Hindi likikomaa shambani, sukari ya punje hugeuka kuwa wanga huo usio na ladha. Hata yaliyokwisha kuvunwa, yakishinda kwenye joto la sokoni, utamu wake hupungua kwa njia hiyohiyo: ladha imeondoka, glukosi ipo palepale. Kabla ya kununua, bonyeza punje kwa ukucha. Ikitoa majimaji meupe kama maziwa, hindi ni changa. Ikitoa kitu kizito kama uji, au ikigoma kupasuka, wanga umejaa. Chukua dogo, au kula nusu.

Hindi la wastani la aina tamu, urefu wa sm 17 hadi 19, hutoa punje za gramu 90 hadi 100. Hicho ni kipimo cha mlo mmoja, nacho kinachukua nafasi ya ugali, wali au chapati, hakipandi juu yake. Wengi huharibu hapa: mahindi mawili saa kumi jioni ya kuchangamsha kinywa, halafu saa mbili usiku ugali kama kawaida. Kisha lawama zinakwenda kwa dawa.

Mapishi yenyewe hayana makuu. Menya maganda ya nje, bakiza mawili matatu ya ndani, toa nywele. Maji yachemke kwanza, kisha tumbukiza mahindi yafunikwe na maji. Aina tamu inatosha dakika 5 hadi 8. Ya kienyeji yanataka nusu saa au zaidi kulingana na ukomavu; onja punje moja. Usiyasahau jikoni mpaka punje zipasuke, kwa sababu wanga uliolainika mno humeng'enywa haraka. Chumvi, kama huwezi kuiacha, nyunyiza kidogo baada ya kuepua, maana wenye kisukari wengi wana presha pia. Ndimu na pilipili zinatosha kabisa. Kula pamoja na maharage, yai au samaki, na nusu sahani ya mchicha au kabichi. Pima sukari saa mbili tangu ulipoanza kula. Ikivuka 10 mmol/L, safari ijayo punguza punje.

"Ya kuchoma hayana neno." Moto wa mkaa unakausha maji. Wanga hauendi popote.

"Mwenye kisukari asiguse mahindi." Huko nako ni kuzidisha. Hindi zima la kuchemsha hupandisha sukari taratibu kuliko mkate mweupe. Na anayetumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) akiruka wanga kabisa, sukari inaweza kushuka vibaya.

"Ikishuka nitatafuna hindi." Usithubutu, linachelewa. Koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Hindi lisubiri mpaka sukari ipande.

"Nywele za mahindi zinatibu." Chai yake inywe ukipenda, ila dawa yako ya kisukari, kama metfomini, usiiache.

Kuhusu ya kopo: soma lebo, kwa kuwa baadhi yameongezwa sukari na chumvi. Yaliyoandikwa mahindi na maji tu ndiyo ya kuchukua. Mwaga maji yake, suuza, kisha pima punje kwenye mzani kama zile mbichi.