Kutafuta mtoto kwa pesa ya mfukoni: maswali kutoka Moshi na Arusha

Wanandoa wengi wanaotafuta mtoto hulipia vipimo na dawa wenyewe, na sehemu kubwa ya pesa hiyo huisha kabla tatizo halijajulikana. Majibu haya yanahusu hasa mahali pa kupeleka shilingi ya kwanza.

Tuna mwaka mmoja tangu tuoane na mimba haijaingia. Twende hospitali au tusubiri?

Nendeni. Mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kinga unatosha. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita. Kama hedhi inapotea miezi miwili mitatu, au mke aliwahi kuugua maambukizi makali ya nyonga, au mume alifanyiwa upasuaji wa korodani, msisubiri kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 hupitia hali hii maishani mwake, kwa hiyo hamko peke yenu.

Tuanze na kipimo gani?

Cha mwanaume. Nasisitiza hili kwa sababu majumbani mambo huenda kinyume. Mke anapigwa altrasaundi ya tatu, ya nne, mawifi wameshaanza maneno, na mume hajapima hata mara moja. Kwa karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mume nao una tatizo, peke yake au pamoja na la mke. Kipimo cha mbegu ni kati ya vipimo vya bei ya chini kuliko vingine katika safari hii, hakiumizi, na jibu lake linaweza kuwaepusha na gharama nyingi za mbele.

Lakini kifanywe vizuri. Mume akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu. Kopo achukue maabara, asitumie kichupa cha dawa kilichooshwa nyumbani. Kondomu ya kawaida, mafuta, sabuni na mate vyote huharibu sampuli. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, kwa hiyo anayetoka Rombo au Karatu atolee hukohuko hospitali. Anayekaa mjini anaweza kutolea nyumbani, ila kopo alibebe ndani ya shati, karibu na mwili. Asubuhi ya Julai, baridi ikiipata sampuli kwenye mkoba, mbegu zitaonekana hazitembei na mtalipia kipimo kingine bila sababu.

Kwenye karatasi ya majibu angalieni idadi na mwendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita na asilimia 42 zinazotembea kama viwango vya chini. Aliye chini kidogo ya hapo bado anaweza kutia mimba. Majibu yakiwa mabaya, kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa.

Mimi nina mtoto niliyempata kabla ya ndoa. Kwa nini nipime?

Mtoto yule anaonyesha ulivyokuwa wakati ule. Tangu hapo huenda uliugua kisonono kisichotibiwa vizuri, au mishipa imevimba kwenye korodani. Vijana wanaonyanyua vyuma wasikilize hapa pia: sindano za testosteroni za kujenga mwili huzima utengenezaji wa mbegu, wakati mwingine mpaka zisionekane kabisa. Kwa wengi, kuacha sindano hurudisha mbegu baada ya miezi kadhaa, na kuacha hakulipiwi. Ukiwa umezitumia, mwambie daktari ukweli.

Duka la dawa wameniambia Clomid ni nafuu. Si nijaribu tu?

Clomid, yaani klomifeni, inamsaidia mwanamke ambaye yai lake halipevuki. Mirija ya uzazi, inayopitisha yai, ikiwa imeziba haiwezi kuizibua, na mume akiwa hana mbegu haina la kufanya. Inaweza pia kuleta mapacha, na mwenye mirija iliyoharibika yuko kwenye hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi. Kwa wenye vifuko vingi kwenye ovari na hedhi zisizoeleweka, letrozoli hufanya vizuri zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliohusisha wanawake 750 wenye hali hiyo ulionyesha waliopata watoto ni asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni. Zote ni vidonge na bei zake haziogopeshi. Zitumie chini ya uangalizi wa daktari, na mizunguko ikifika sita bila mimba, mpango ubadilishwe.

Nimeambiwa yai hutoka siku ya 14, na homoni nipime siku ya 21. Ni kweli?

Ni kweli kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Huyu akipima projesteroni, homoni inayoonyesha kama yai limetoka, siku ya 21 ataambiwa yai halitoki, ataanzishiwa dawa asizohitaji, na kumbe kipimo chake kilitakiwa siku ya 28. Andika tarehe za hedhi za miezi mitatu kabla ya kwenda kliniki. Wakati huohuo, kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha.

Na dawa za kusafisha kizazi?

Hazizibui mirija. Za kuingiza ukeni zinaweza kuunguza na kuleta maambukizi. Pesa hiyo iwekeni kwa ajili ya HSG, picha ya mirija inayopigwa baada ya hedhi kukauka na kabla yai halijatoka. Inauma kwa dakika chache, kwa hiyo uliza kuhusu dawa ya maumivu ya kumeza mapema. Kama una uchafu wenye harufu au maumivu ya nyonga, tibiwa kwanza.

Tunaweza kufanyiwa haya hapahapa?

Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi kwa Moshi au Mount Meru kwa Arusha. Tatizo likizidi, ombeni rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyoko Moshi. Ulizeni bei ya kliniki ya kawaida, maana ile ya haraka mara nyingi ni ghali zaidi. Majibu yote yawekeni kwenye faili moja ili msirudishwe mwanzo kila mnapobadilisha daktari.

Mirija yote imeziba. Tuuze sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo, tukafanye IVF, yaani mayai yarutubishwe maabara?

Msiuze wala msikope kwenye kikundi cha VICOBA kabla ya kupata hesabu kamili kwa maandishi. IVF ni mamilioni ya shilingi kwa mzunguko mmoja, na hata kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 mizunguko mingi huisha bila mtoto. Ulizeni kama bei inajumuisha sindano, usingizi wakati wa kutoa mayai, na kugandisha viinitete (mayai yaliyorutubishwa) vinavyobaki. Sindano za kukuza mayai huchukua siku 10 hivi, kisha kutoa mayai, kisha kupandikiza siku ya 3 hadi ya 5, kwa hiyo mkienda Dar es Salaam au Nairobi hesabuni chumba na chakula cha zaidi ya wiki mbili. Vipimo vya awali fanyieni huku, baada ya kuuliza kituo cha IVF ni vipi kinavikubali. Na kama HSG ilionyesha mirija imejaa maji, mwulizeni daktari kuhusu kuitoa au kuifunga kwanza. Maji hayo hupunguza sana uwezekano wa kiinitete kushika, na upasuaji huo uingie kwenye bajeti kabla ya IVF yenyewe.