Mkakati wa Serikali wa Utafiti wa Teknolojia ya Usafiri wa Anga: Maana Yake

Kila mwaka Bunge linapokaa Dodoma kujadili bajeti, hotuba ya wizara inayosimamia uchukuzi huorodhesha viwanja vinavyojengwa, rada zilizofungwa na ndege zilizonunuliwa. Hayo yote ni mambo ya lazima, na mkazi wa Dodoma anayepita barabara ya kuelekea Kondoa na kuona kazi ya uwanja wa kimataifa wa Msalato hahitaji kuelezwa umuhimu wake. Hata hivyo, orodha hiyo inahusu vitu ambavyo tayari vimebuniwa, vimejaribiwa na kuidhinishwa mahali pengine, mara nyingi miaka ishirini au thelathini kabla havijafika kwetu. Mkakati wa utafiti unashughulikia kipindi hicho cha nyuma, wakati teknolojia bado ni swali na hakuna kampuni inayoweza kuiuza.

Kwa maana yake kamili, mkakati wa serikali wa utafiti wa teknolojia ya usafiri wa anga ni waraka rasmi ambao serikali hutumia kuamua, kwa kipindi cha miaka kumi, ishirini au zaidi, ni maswali gani ya kisayansi na ya kihandisi yatafutiwe majibu kwa fedha za umma, taasisi zipi ziyatafute, majibu yapatikane lini, na yakishapatikana yaingizwe kwa njia gani katika ndege, viwanja, vyombo vya kuongozea ndege na kanuni za usalama. Sera husema nchi inataka nini katika usafiri wa anga, na mpango kabambe wa viwanja husema nini kijengwe na wapi. Mkakati wa utafiti husema nini hakijulikani bado ambacho nchi inapaswa kukijua, na hapo ndipo unapotofautiana na nyaraka nyingine zote za sekta hii.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini serikali ijiingize katika kazi hiyo wakati watengenezaji wa ndege ni kampuni tajiri zenye maelfu ya wahandisi. Jibu linaonekana vizuri katika historia ya upepo unaobadilika ghafla karibu na ardhi. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege ya abiria ya Delta Air Lines, ikikaribia kutua Dallas nchini Marekani, ilipita chini ya wingu la mvua ya radi lililokuwa likishusha hewa kwa nguvu. Hewa ya namna hiyo ikigonga ardhi husambaa pande zote, kwa hiyo ndege inayoingia hukutana kwanza na upepo wa mbele unaoinyanyua, na rubani akiona imezidi mwendo na kimo hupunguza nguvu ya injini. Sekunde chache baadaye ndege iko katikati ya hewa inayoshuka, kisha upepo unageuka na kutokea nyuma, na kasi ya hewa inayopita juu ya mabawa inaporomoka wakati injini nazo ziko chini. Watu 137 walipoteza maisha.

Mwaka uliofuata shirika la utafiti la NASA na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, walianza programu ya pamoja. Walijenga mifano ya kompyuta ya dhoruba hizo, wakabuni kipimo cha kumwonya rubani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walirusha Boeing 737 iliyogeuzwa kuwa maabara, wakiipeleka kwa makusudi kwenye mvua za radi ili kujaribu rada zinazoweza kuona upepo huo kabla ndege haijaufikia. Kufikia mwaka 1994 rada za aina hiyo zilikuwa zimeanza kutumika katika ndege za abiria. Hakuna kampuni moja ambayo ingefanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa ilihitaji wanasayansi wa hali ya hewa, marubani wa majaribio, mamlaka yenye uwezo wa kulazimisha matumizi ya chombo kipya, na fedha ambazo hazikutegemewa kurudi kama faida. Abiria anayetua Dodoma mwezi Januari, katikati ya msimu wa mvua, ananufaika na uamuzi uliofanywa katika ofisi za serikali ya nchi nyingine karibu miaka arobaini iliyopita.

Nchi zilizotangulia zimeuweka utamaduni huo katika maandishi. Marekani iliunda kamati ya taifa ya utafiti wa urukaji mwaka 1915, ikageuzwa kuwa NASA mwaka 1958, na mwaka 2006 Rais alitia saini amri iliyoweka sera ya kitaifa ya utafiti na maendeleo ya urukaji. Kamisheni ya Ulaya ilitoa mwaka 2011 dira iitwayo Flightpath 2050, ambayo inafaa kutazamwa kwa sababu malengo yake yanapimika: teknolojia ya mwaka 2050 iwezeshe kupunguza kaboni dioksidi kwa kila abiria kwa kila kilomita kwa asilimia 75, oksidi za nitrojeni kwa asilimia 90 na kelele zinazosikika kwa asilimia 65, kwa kulinganisha na ndege mpya za mwaka 2000. Malengo hayo ni makali, na mtu anaweza kutilia shaka kama yatafikiwa yote, lakini yana sifa moja ambayo naipenda sana: miaka inavyopita, mwananchi yeyote anaweza kuuliza tumefika wapi na akapewa namba. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana juu ya lengo la pamoja la kufikia uzalishaji wa kaboni usiozidi kiasi kinachoondolewa ifikapo mwaka 2050, na tangu hapo mikakati ya nchi nyingi inaandikwa ikiwa na mwaka huo mbele yake.

Ndani ya mkakati wa aina hii kuna kipimo ambacho msomaji atakutana nacho mara kwa mara, yaani ngazi za ukomavu wa teknolojia. NASA ndiyo iliyoziasisi, na sasa zinatumika duniani kote zikiwa tisa. Ngazi ya kwanza ni kanuni ya kisayansi iliyoonekana, na ya tisa ni kifaa kilichothibitika katika kazi halisi. Vyuo vikuu huweza kufikisha wazo hadi ngazi ya tatu au ya nne, na viwanda hupenda kulipokea likiwa limefika ya sita au ya saba. Katikati ndiko mawazo mengi hufia, kwa sababu majaribio ya ukubwa halisi yana gharama kubwa kuliko uwezo wa chuo na yana hatari kubwa kuliko anayoikubali mwenye hisa, na fedha za serikali zinakusudiwa hasa kuvusha wazo eneo hilo.

Mfano ulio karibu nasi ni injini za ndege za Airbus A220-300 za Air Tanzania. Injini hizo zina gia kati ya feni ya mbele na mtambo unaoizungusha, ili feni kubwa izunguke polepole na mtambo uzunguke kwa kasi, jambo linalopunguza mafuta na kelele kwa pamoja. Mtengenezaji wake, Pratt & Whitney, aliifanyia kazi teknolojia hiyo kwa takribani miaka ishirini, na NASA ilishiriki katika majaribio yake. Mwaka 2022 baadhi ya ndege hizo zililazimika kuegeshwa kutokana na matatizo ya injini, ambayo yalikumba mashirika mengi duniani. Kwa maoni yangu hilo si hoja ya kuikataa teknolojia mpya. Ni hoja ya nchi inayonunua kuwa na wataalamu wake wanaofuatilia utafiti tangu ngazi za chini, wanaojua ni kitu gani kimejaribiwa katika joto na vumbi na kipi hakijajaribiwa, kabla mkataba haujatiwa saini.

Hapo ndipo swali linapofika Dodoma kwenyewe, kwa kuwa mikakati ya Washington na Brussels huuliza maswali ya watu wake. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba au Novemba, joto likifika nyuzi 30 za Selsiasi, hewa ya hapa huwa nyepesi kwa takribani asilimia 17 kuliko hewa sanifu ya usawa wa bahari ambayo marubani na wahandisi huitumia kama msingi wa hesabu zao. Bawa hupata mnyanyuo kidogo, injini hupata hewa kidogo, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini au kupunguza mzigo. Ndege ndogo za umeme zinazojaribiwa sasa zinaongeza ugumu mwingine, kwa sababu kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba nishati karibu mara 40 ya kilo moja ya betri zilizopo, na ndege ya umeme haiwi nyepesi kadiri inavyosafiri. Je, chombo cha namna hiyo kinaweza kuhudumia Singida, Kondoa au Mpwapwa, ambako safari ni fupi, katika hewa kama hii? Mtafiti wa Ulaya ya kaskazini hana sababu ya kulijibu swali hilo kwa niaba yetu.

Upande wa uongozaji wa ndege, Marekani ilitoa mfano mzuri katika jimbo la Alaska, lenye milima mingi na rada chache. Kuanzia mwaka 1999 FAA iliendesha huko mradi wa Capstone, ambamo ndege ndogo zilifungwa vifaa vinavyopata mahali zilipo kutoka setilaiti na kutangaza zenyewe kwa redio kwa waongoza ndege na kwa ndege nyingine. Teknolojia hiyo iliyojaribiwa porini ndiyo iliyokuja kuwa sharti katika sehemu kubwa ya anga ya Marekani kuanzia Januari 2020. Tanzania imefunga rada nne za ndege za kiraia, katika viwanja vya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na katikati ya nchi kuna mbuga na vijiji vingi vinavyofikiwa na ndege ndogo. Eneo lenye vyombo vichache linaweza kuwa mahali pa kwanza pa kujaribia jambo jipya, ikiwa kuna aliyeamua mapema kwamba litajaribiwa na kupimwa.

Mafuta nayo yana historia ya kutafakari. Desemba 2008 Air New Zealand ilirusha Boeing 747 ambayo injini yake moja ilitumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mafuta ya kawaida na mafuta yaliyotokana na mbono kaburi, na sehemu ya mbegu zake ilitoka Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Swali la utafiti lililojibiwa siku ile lilihusu injini. Swali la mkulima, kama mmea huo unazaa vya kutosha katika ardhi kame na kama unamlipa kuliko chakula, halikuwa sehemu ya jaribio, na matumaini makubwa yaliyowekwa kwenye mbono nchini yalikuja kufifia. Leo mafuta ya ndege yaliyotengenezwa kutokana na mimea yanaruhusiwa kimataifa kuchanganywa katika mafuta ya ndege hadi asilimia 50, na mikoa ya Singida na Dodoma inaongoza kwa alizeti. Ningependa kuona utafiti wetu unaanza na swali la chakula, kwa kuwa nchi bado inaagiza mafuta ya kula, kisha unageukia maganda, mashudu na mabaki mengine ya mashamba.

Taasisi za kubeba kazi hiyo zipo: Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kuratibu utafiti, Mamlaka ya Usafiri wa Anga inayotunga kanuni, Mamlaka ya Hali ya Hewa, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinachofundisha wahandisi wa matengenezo ya ndege, na Chuo Kikuu cha Dodoma chenye wanasayansi wa kompyuta na wa mazingira. Mkakati ndio unaoziweka kwenye swali moja, ukitaja nani anaongoza, fedha zinatoka fungu gani, na matokeo yanachapishwa wapi.

Mkakati mzuri pia huweka masharti ya kusitisha. Mwaka 2023 NASA ilifunga mradi wa ndege yake ya umeme X-57 kabla haijaruka hata mara moja, kwa sababu matatizo ya kiusalama katika mfumo wa injini zake yangehitaji muda na fedha zaidi ya zilizopangwa. Hata hivyo, iliendelea kuchapisha yote iliyojifunza kuhusu betri, nyaya na vidhibiti vya umeme, na wanaobuni ndege za aina hiyo pamoja na mamlaka zinazoandaa kanuni zake wanayatumia maarifa hayo.