Kutafuta nafasi za vipengele kwenye orodha: dhana potofu na ukweli

Dhana: `index`, amri ya Python ya kutafuta kitu kwenye orodha, hukupa nafasi zote za unachokitafuta.

Hapana. Chukua orodha hii ya Python: `a = [7, 3, 7, 9, 7]`. Ukiandika `a.index(7)` utapata 0, yaani nafasi ya kwanza kabisa, basi. Nafasi ya 2 na ya 4 hata haifiki. Ukizitaka zote, pitia orodha nzima ukishika nafasi na thamani kwa pamoja:

`[i for i, x in enumerate(a) if x == 7]`

Jibu ni `[0, 2, 4]`. Wengi huzunguka na lupu ya thamani tupu, halafu humo ndani wanaita `a.index(x)`. Jibu linakuwa `[0, 0, 0]`, na programu inaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Kosa la kimya namna hii ndilo ninaloliogopa zaidi. Tena ni mzigo: kila mwito unaanza kutafuta upya toka mwanzo, hivyo kuuliza nafasi ya kila kimoja kati ya vipengele 10,000 visivyojirudia kunadai ulinganishaji zaidi ya milioni 50.

Dhana: kitu kisipokuwepo, `if` ya kawaida itatambua.

Katika JavaScript, `indexOf` hurudisha -1 isipoona kitu. Ila `if` huihesabu -1 kuwa kweli, na 0 kuwa si kweli. Kwa hiyo `if (a.indexOf(7))` inakataa 7 iliyo mwanzoni kabisa na kukubali kitu ambacho hakimo. Linganisha na -1 waziwazi, au tumia `includes` kama nafasi huihitaji. `index` ya Python yenyewe hutupa kosa la `ValueError`, na hilo naliona ni jema.

Dhana: kuhesabu huanza sifuri kila mahali.

Kwa R, lugha nyingine ya programu, `which(a == 7)` hutoa 1, 3, 5. Lugha ya Julia nayo huanzia 1.

Dhana: ukishapata nafasi, futa kwa mpangilio wowote.

Tuirudie `[0, 2, 4]`. Futa ya 0: inabaki `[3, 7, 9, 7]`. Futa ya 2: imeondoka 9, ambayo hukuilenga kabisa! Ukifika ya 4, unakutana na kosa la `IndexError`, kwa sababu orodha imebaki na vipengele vitatu tu. Anzia nyuma, 4, 2, kisha 0, utabaki na `[3, 9]`.