Kunyooshwa misuli si kusukumwa mpaka ulie

Wanamichezo wengi huamini kwamba mwenzako asipokusukuma mguu mpaka machozi yakutoke, msuli haulainiki. Si kweli, na imani hiyo huweza kukuchana msuli wa paja. Ukiumia sana, msuli hujikaza kujilinda.

Mbinu iliyoanzia kwenye tiba ya viungo Marekani miaka ya 1940, kwa daktari Herman Kabat, huenda kinyume kabisa. Lala chali, mwenzako ainue mguu wako ulionyooka mpaka uhisi unavuta tu. Kandamiza bega lake kwa kisigino sekunde 6 hivi, tena si kwa nguvu zote. Pumua, legea. Hapo ndipo aupandishe kidogo, autulize sekunde 20 hadi 30. Ukisema "basi", aache papo hapo.